Siku Fidla Yangu Iliponukia Samli

Kabla hamjaanza kunicheka, niwaambie kwamba mimi mwenyewe nimekwishajicheka miaka mingi, kwa hiyo mkicheka mtakuwa mnanifuata nyuma tu. Aibu hii ilinipata Kiomboi, mchana kweupe, mbele ya mtemi, Bwana Diisii mkuu wa wilaya, walimu, wagonjwa waliotoroka vitanda vya hospitali kuja kusikiliza, na mama yangu mzazi. Wengi wa waliokuwapo wametangulia mbele ya haki, na waliobaki wana adabu, hawanikumbushi, isipokuwa fundi baiskeli mmoja wa kwetu Kinyangiri ambaye mpaka leo akiniona hunusanusa hewa na kuuliza kama kuna mtu anakaanga kitu.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa mtu mashuhuri. Nasema hivyo bila kujisifu (najisifu kidogo). Nilianza na zeze la mjomba wangu Kitundu, kaka yake mama, nikiwa mtoto wa kuchunga ndama, na nilipopelekwa shule ya misheni nikakutana na mwalimu wa muziki, mama wa Kizungu mrefu, mwembamba, tuliyempa jina la Bibi Vidole kwa sababu ukikosea alikugonga vidole kwa penseli. Huyo ndiye aliyenipa fidla. Ilikuwa ya marehemu kaka yake, imetoka kwao ndani ya sanduku jeusi lenye kitambaa chekundu, na alinipa kwanza kwa kuijaribu tu, halafu akaniazima, halafu akaacha kuiulizia. Kitabu alichosema humalizwa kwa miaka miwili nilikimaliza kwa miezi sita, na mwaka wa tatu nikawa naitwa huku na huku, mara Singida kwenye sikukuu ya shule, mara Manyoni kuwapigia watu wa reli, ambako stesheni masta alilia akasahau kupiga kengele ya treni (hiyo ya kengele nimeiongeza, lakini kulia alilia). Watu walisema kuna kijana wa Kinyiramba anayeifanya mbao iongee. Nikaanza kutembea polepole, kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Basi ikaja habari kwamba mgeni kutoka chuo kimoja cha muziki Uingereza anazunguka nchini, atapita Kiomboi Jumamosi, atasikiliza vijana, na atachagua mmoja tu wa kwenda kusoma miaka mitatu kwa gharama za chuo. Bibi Vidole ndiye aliyenieleza. Akasema nafasi ni yangu nikipiga kama ninavyopiga siku zote, na kwamba wiki hiyo nikae palepale, nile vizuri, nilale mapema. Mimi nikaomba ruhusa niende nyumbani Kinyangiri nikamchukue mama, maana mama alikuwa hajawahi kuisikia fidla hata siku moja. Alikuwa akisikia sifa tu. Hiyo ndiyo sababu niliyotoa, na ilikuwa ya kweli, lakini nyuma yake kulikuwa na nyingine, kwamba nilitaka kijiji kinione na lile sanduku kabla sijawa mtu wa Ulaya.

Bibi akakubali.

"Nenda," akasema. "Lakini isitoke mikononi mwako."

Sasa hapa inabidi niwaeleze jambo moja, la sivyo mkasa hautaeleweka. Upinde wa fidla una singa za mkia wa farasi, na singa hizo peke yake ni laini, ukizipitisha juu ya nyuzi zinateleza tu na fidla haitoi sauti. Ili zishike nyuzi lazima uzipake ulimbo, yaani utomvu wa mti uliokaushwa ukawa kama jiwe. Ulimbo huo ukisuguliwa unaacha unga mweupe, na unga huo unaanguka kila mahali, kwenye nyuzi, kwenye mbao, kwenye shingo ya fidla. Mpigaji huufuta kwenye mbao akikumbuka. Lakini zile singa hazifutwi, wala haziguswi hata kwa kidole, kwa sababu kidole kina mafuta, na mafuta kwenye singa ndiyo kifo cha fidla. Nilikuwa nayajua hayo yote. Mama hakuyajua, na angeyajulia wapi, maana hata zeze la mjomba lilikuwa kitu cha wanaume, likikaa kwake mjomba, limetundikwa juu, mwanamke haligusi.

Na jambo la pili, ambalo Bibi Vidole hakulijua. Kwetu, mtu haendi kwenye mkusanyiko akiwa amepauka. Utajipaka mafuta, na kama kuna sherehe utajipaka samli, miguu, mikono, uso, mpaka ung'ae. Kijana akionekana mbele za watu na magoti meupe, hasemwi yeye, anasemwa mama yake. Watu wanaulizana, huyu naye hana mama?

Nilifika nyumbani Ijumaa jua likiwa bado juu. Mama alinipokea, nikamwamkia, akanipa maziwa, akanigeuza mbele na nyuma kuona kama nimekonda. Kisha nikafungua sanduku nimwoneshe. Akaitazama fidla kwa heshima sana, hakuigusa, akaniuliza kama ndiyo hiyo iliyomliza mtu wa treni. Nikasema ndiyo. Nilitakiwa nimpigie palepale. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na fidla, na msikilizaji alikuwa amekaa tayari kwenye kigoda, lakini nje nilikuwa nasikia sauti za vijana wenzangu kwa mjomba Kitundu, wamekwishapata habari kwamba nimefika, na togwa ilikuwapo, nami nilikuwa nimevaa suruali ndefu. Nikamwambia mama atasikia kesho pamoja na wakubwa.

Nikiwa mlangoni akaniita.

"Na hiki nacho kinakwenda mbele za watu kesho?" akauliza, anaonesha sanduku.

"Ndiyo, mama, fanya unavyoona," nikamjibu, na mguu mmoja ulikuwa umekwishatoka nje.

Fanya unavyoona. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mwangu mara nyingi kuliko wimbo wowote niliojifunza. Nilidhani anaulizia kulifunga sanduku, au kulibeba kichwani, sijui nilidhani nini, kusema kweli sikudhani kitu, nilikuwa nawaza togwa. Niliporudi nilikuta sanduku limefungwa, limezungushiwa kipande cha kanga vizuri sana, fundo juu, nikafurahi kwamba mama ameshughulika.

Asubuhi lori la kubeba karanga likapiga honi tukiwa bado tunakunywa uji. Mama alikuwa ameng'ara. Amevaa kanga mpya, amejipaka samli mpaka kwenye visigino, na mimi akanishika pale mlangoni akanipaka uso na shingo kama mtoto, nikakubali maana watu walikuwa wachache. Tukapanda juu ya magunia. Njia nzima nasikia harufu ya samli, nikawa najisemea moyoni kwamba leo mama amezidisha kidogo, amejipaka na amenipaka, si ajabu tukinukia hivi. Sanduku lilikuwa mapajani mwangu. Halikutoka mikononi mwangu hata mara moja, kama nilivyoagizwa.

Tungefika mapema kama si lile korongo. Lori likazama matope mpaka kwenye ekseli, tukashuka, tukasukuma, wanaume tukakata matawi tukaweka chini ya magurudumu, na lilipotoka jua lilikuwa kichwani. Kiomboi tulifika watu wamekwishakaa kwenye darasa kubwa la shule, wengine wamejaa madirishani, na nikamsikia Bibi Vidole ndani anakanyaga kinanda chake akipiga utangulizi wa wimbo wangu, akafika mwisho, akaanza tena. Baadaye niliambiwa alikuwa ameupiga mara nne. Mama akaingia kukaa upande wa wanawake. Mimi nikakimbilia chumba cha nyuma, kilichokuwa na giza giza na kimejaa madawati mabovu, nikafungua fundo la kanga, nikaichomoa fidla, nikagonga nyuzi kwa kidole kusikia kama zimekaa sawa. Zilikuwa zimelegea kidogo. Nikazungusha vile vigingi vya kukazia nyuzi, na ajabu vilizunguka kwa ulaini ambao sijawahi kuuona, nikajisemea leo hata fidla yenyewe ina hamu ya Ulaya.

Nikaingia. Watu wakapiga makofi. Mstari wa mbele walikaa mtemi, Bwana Diisii, na katikati yao yule mgeni, mtu mfupi mwenye miwani na daftari gotini. Nikainama kama nilivyofundishwa. Nikaweka fidla chini ya kidevu, nikafumba macho (ilikuwa desturi yangu kufumba macho, wasichana walipenda), Bibi Vidole akafika kwenye noti yangu ya kuingilia, nikavuta upinde.

Kimya.

Nikadhani sikugusa nyuzi. Nikavuta tena, kwa nguvu. Upinde ulikwenda wote, toka mwanzo mpaka ncha, bila sauti yoyote, labda kasauti kadogo sana kama mtu anayejifuta mikono kwenye shuka. Nikafumbua macho. Bibi Vidole akanitupia jicho, akaurudia ule mstari, nami nikaendelea kuvuta, sijui kwa nini, nilidhani sauti itakuja, mkono wa kushoto unakimbia juu ya nyuzi, mkono wa kulia unakwenda na kurudi, mabega yanayumba, kila kitu cha muziki kipo isipokuwa muziki. Na watu walikuwa na adabu. Walitulia kabisa. Mzee mmoja wa baraza la mtemi akamwinamia mwenzake akamweleza, kwa sauti iliyofika mpaka madirishani, kwamba muziki wa namna hii husikiwa na Wazungu peke yao. Mwenzake akaitikia kwa kichwa, akamtazama mgeni kwa heshima zaidi.

Hapo ndipo fidla ilipoanza kuteleza. Kidevu changu kilikuwa na samli, na mbao yake ilikuwa na samli, ikawa inashuka kifuani taratibu, nikaifuata kwa kuinama, nikainama mpaka nikawa napiga kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Kisha kigingi kimoja kikajizungusha chenyewe, prrrr, uzi ukalegea ukaning'inia. Kikafuata cha pili. Fidla ikaniponyoka, nikaidaka kwa magoti. Watoto wa dirishani wakacheka, wakakemewa, wakacheka tena.

Nikaleta upinde karibu na macho. Singa zilikuwa zinang'aa, zimeshikamana, nzuri, kama nywele za bibi harusi. Harufu ikanipanda puani na ndipo nilipoelewa: mama aliiona ina unga mweupe, imepauka, akaipaka samli pamoja na upinde wake.

Mngefanya nini? Mwenye akili angemwambia mwalimu wake ukweli pale pale, wangeahirisha, pengine mgeni angengoja mpaka jioni. Mimi nikasema "samahani kidogo" nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Nje wanawake walikuwa wanapika chakula cha wageni, na mimi, kwa kuwa nimekua nikimwona mama akitoa mafuta kwenye masufuria kwa majivu, nikachota majivu jikoni kwa mkono, nikazisugua zile singa. Wapishi wakaacha miiko wakaniangalia. Nikasugua na fidla pia. Nikajifuta mikono kwenye suruali nyeupe (ndiyo, ilikuwa nyeupe), nikakaza nyuzi, nikarudi ndani nikiwa na uhakika.

Safari hii sauti ilitoka. Ilikuwa sauti ya mbuzi aliyenaswa mguu kwenye ua. Nikavuta mara ya pili, mbuzi akalia mara ya pili, na singa kumi na tano hivi zikakatika zikaning'inia puani mwangu, nikapiga chafya, na wingu la majivu likaruka likatua kwenye daftari la mgeni. Sasa hata wazee wakacheka. Bwana Diisii alifunika uso kwa kofia yake, na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

Bibi Vidole akaacha kinanda. Akaja, akaichukua fidla ya kaka yake mikononi mwangu, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mbao, akakinusa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nani amefanya hivi?" akauliza.

Nikatazama upande wa wanawake. Mama alikuwa mstari wa tatu, anang'aa, mikono mapajani, na nikamwona anajifunga vizuri kanga yake, nikadhani anaona haya kwa watu wanavyocheka. Nilijua nikisema mama yangu hakujua, watanisamehe. Mgeni angeelewa. Bibi angemweleza kwa Kiingereza kwamba ni bahati mbaya, kijana mwenyewe hana kosa, ni mama tu wa shamba. Na ule mstari wa tatu wote ungegeuka kumtazama yeye, na kile kicheko chote kingehama kutoka kwangu kwenda kwake, na angekwenda nacho mpaka Kinyangiri.

"Ni mimi," nikasema. "Niliona imepauka."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Mgeni akauliza nimesema nini, Bibi akamtafsiria akiwa amepoa kama maji ya mtungini, na yule mtu akapangusa majivu kwenye daftari, akaandika maneno machache, akafungua ukurasa mwingine. Alimchagua kijana wa tarumbeta kutoka Singida. Sina kinyongo naye, alipiga vizuri, na tarumbeta hata ukiipaka mafuta inalia.

Kurudi nyumbani mama hakusema mengi. Juu ya magunia aliniuliza kama nina njaa, nikasema sina, akanimenyea karanga, tukala karanga mpaka Kinyangiri. Singa mpya za upinde ziliagizwa ng'ambo zikachukua miezi minane kufika, na katika miezi hiyo walioniita wakasahau kuniita, na mgeni mwingine wa kuchagua vijana hakupita tena. Bibi Vidole alinikasirikia wiki tatu, kisha akarudi kunigonga vidole, lakini hakuwahi tena kusema habari za Ulaya. Nikawa mwalimu wa kuimba. Harusi nimepiga nyingi, Manyoni na Itigi, na siwezi kusema nimekosa chakula, ila zipo siku nasikia muziki kwenye redio, fidla inalia kama inavyotakiwa kulia, nami nanyanyuka natoka nje kidogo.

Jambo moja lilikuwa likinishangaza. Kila mwaka baada ya mavuno mama alinitumia kwa lori kifurushi kidogo cha maganda ya mahindi, ndani mna utomvu wa mti, ule wa kupakia zeze. Haukunifaa, ulikuwa laini mno kwa singa za farasi, lakini nilimshukuru, nikauweka kwenye sanduku la fidla, nikidhani mjomba Kitundu amezeeka na anagawa vitu vyake.

Mpaka siku moja niko kwake, yeye amekwishakuwa bibi kabisa, anapepeta maharage, nami nawasimulia wanangu habari za mbuzi na majivu, na kama kawaida nikasema baba yenu alikuwa mjinga, alipaka fidla samli. Mama akaweka ungo chini.

"Acha kuwadanganya watoto," akasema. "Niliipaka mimi."

Nikamwuliza alijua lini kwamba samli ndiyo iliyoniharibia.

"Yule Bibi aliponusa kidole. Nikajifunga kanga niinuke niseme, na wewe ukasema ni wewe." Akauchukua ungo wake tena. "Nikabaki pale pale nimekaa. Wiki ileile nikaenda kwa mjomba wako kumwuliza vitu hivyo hupakwa nini."

Nikaenda kwenye sanduku la fidla, ambalo nilikuwa nikisafiri nalo kila mahali, nikatoa vifurushi vyake vyote nikavipanga mkekani, vya miaka kumi na mitatu, na kile cha mwisho nikakifungua. Nikapaka upinde kwa utomvu wake, nikampigia pale pale penye maharage wimbo ule wa Kiomboi, toka mwanzo mpaka mwisho. Ulikwaruza vibaya sana. Yeye alisikiliza ameinamisha kichwa, na nilipomaliza aliniambia sasa ameusikia, na kwamba ni mrefu.

Kwa hiyo tangu hapo nina masharti yangu, na mkinialika mniwie radhi. Fidla siachi kwa mtu, awe ndugu au mgeni wa serikali. Siingii ukumbini kabla sijavuta upinde mara moja na kusikia kwa masikio yangu, hata kama mnaningoja na mmekwishapiga makofi. Na mtu akiniuliza jambo nikiwa mlangoni, narudi ndani, nakaa, namsikiliza mpaka amalize. Samli bado najipaka, ila nikimaliza nanawa mikono kwa sabuni mara mbili, maana sijawahi kusimama mbele za watu nikiwa nimepauka, na sitaanza sasa ambapo mama yangu hayupo.